Pweza wamekwisha

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu Makorora, Tanga, waliamini kwamba mimi sina bahati na pweza. Mama akinituma soko la samaki la Deep Sea, narudi na samaki aina ya changu, na maelezo yangu ni yale yale: "Pweza wamekwisha." Mama anaguna, anawasha jiko, siku inapita. Hakujua kwamba pweza walikuwa wamejaa mezani, wamekunja minyiri yao, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yao nimebana midomo, neno limenasa kwenye P na halitoki. Muuzaji ananiangalia. Aliye nyuma yangu naye ananiangalia, anasogeza kapu lake. Mwishowe nasema "changu", kwa sababu hilo linatoka.

Nina kigugumizi tangu nilipoanza kuunganisha maneno. Si kile cha kurudiarudia ambacho watu hukiigiza kwenye vichekesho. Mimi zaidi hukwama: sauti inazibwa kabisa, kama bomba lililobanwa kwa kidole gumba, na anayenisubiri haoni kitu isipokuwa uso unaojikunja. Herufi zangu mbaya ni P, B, T na K. Jina langu linaanza na B. Nilipewa jina la babu, na hakuna aliyekaa kufikiri kama mtoto ataweza kulitamka.

Nikajifunza kukwepa. Husikia watu wakisema Kiswahili ni tajiri wa maneno. Mwenye kigugumizi ndiye anayeujua utajiri huo, kwa sababu anauishi. Pesa niliita hela. Tafadhali niligeuza naomba. Baba nilimwita mzee nikiwa na miaka minane, watu wakaniona nina adabu ya kizee. Baiskeli, ambayo Tanga huwezi kuikwepa kwa sababu kila nyumba inayo, niliita "chuma", na vijana wa mtaani wakadhani ni lugha mpya ya mjini, nao wakaanza kusema chuma. Lakini kuna maneno hayana mbadala. Namba ya simu haina mbadala. Tano ni tano. Na jina la mtu ni lile lile moja.

Palipokuwa hapana pa kukwepea, alikuwepo mdogo wangu wa kike. Yeye alinisoma kama kitabu. Nikifungua mdomo dukani, kabla sijakunja uso, keshasema: "Anataka kiberiti na chumvi." Bibi alimwita Haruni wangu. Maana yake tuliifahamu sote, kwa sababu dua ya Nabii Musa katika Suratu Taha ndiyo iliyokuwa dawa yangu ya kwanza: ile ya kuomba afunguliwe fundo la ulimi wake ili watu wafahamu kauli yake, na katika maombi hayo hayo akaomba apewe ndugu yake Haruni awe msaidizi.

Bibi aliniandikishia kombe. Nakumbuka sahani ya kauri nyeupe, aya zimeandikwa kwa zafarani kuanzia ukingoni zikizunguka hadi katikati, kisha yakamiminwa maji yenye marashi ya mawaridi, wino ukaanza kuachia, njano ikaelea kama moshi. Nilikunywa mara tatu, Ijumaa tatu. Sicheki jambo hili na sipendi anayelicheka. Ulimi haukufunguka, lakini bibi ndiye mtu pekee aliyekaa kimya mbele yangu bila haraka, na hilo nilikuja kuelewa baadaye lina thamani gani. Jirani mmoja alitushauri nikatwe kile kinyama cha chini ya ulimi. Mama akakataa. Namshukuru.

Chuoni, nilikosoma Kurani, ndiko kulikonichanganya. Tukiwa thelathini tumekaa mkekani tunasoma pamoja, sikwami. Herufi zote zinapita, hata ile B ya mwanzo kabisa ya bismillahi. Nikisoma peke yangu kwa mahadhi, nakwama kidogo sana. Halafu maalim ananiuliza jana sikuja kwa nini, na mimi nageuka bubu. Kwa akili ya kawaida, ungefikirije? Alifikiri najifanya. "Kurani unaweza, kujibu huwezi?" Nilichapwa kwa hilo, na kibaya zaidi mimi mwenyewe nikaanza kuamini kwamba huenda kweli najifanya, kwamba mahali fulani ndani yangu kuna swichi nami nimegoma kuiwasha.

Yaliyonipeleka kwenye tiba hayakuwa makubwa. Nilikwenda kusajili laini ya simu. Wakala amekaa chini ya mwavuli, kitambulisho changu amekishika, akauliza kwa mazoea tu: "Unaitwa nani?" Nikabana. Sekunde tatu, tano, kumi. Akaangalia picha, akaniangalia mimi, akakivuta kile kitambulisho upande wake. "Wewe, hiki ni chako kweli?" Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, jasho linanitoka, nashukiwa wizi wa jina langu mwenyewe. Alama za vidole zilipokubali alinirudishia kitambulisho na kuomba radhi, tena kwa uungwana. Lakini nilitembea kwa miguu kutoka Ngamiani hadi nyumbani, sikupanda kitu, kwa sababu sikutaka mtu yeyote aniulize chochote.

Shangazi anaishi Dar es Salaam, na alimjua muuguzi katika hospitali moja kubwa huko. Muuguzi ndiye aliyesema kuna wataalamu wa tiba ya usemi, ingawa ni wachache na foleni yake ni ndefu. Mimi sikuwahi kusikia kazi hiyo. Tulisubiri wiki kadhaa, kisha nikapanda basi la alfajiri stendi ya Kange, nikalala kuanzia machungwa ya Muheza, nikaamka tuko Wami.

Mama, ambaye alinisindikiza safari ya kwanza, alimwita yule dada mtaalamu wa usemi "daktari wa ulimi". Yeye akacheka, akasema yeye si daktari na ulimi wangu hauna kosa lolote. Akanieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza: kigugumizi cha namna yangu hakitokani na woga, wala mshtuko, wala kutekenywa utotoni. Kinahusu namna ubongo unavyopanga na kuratibu misuli ya kusema. Huanza mara nyingi kati ya miaka miwili na mitano, watoto wengi kinawaachia wenyewe, na wanaobaki nacho ukubwani ni kama mtu mmoja katika kila 100, wanaume wengi kuliko wanawake. Woga huja baadaye, hukikuta kigugumizi kimeshatandika kitanda. Nikapiga hesabu palepale: Ijumaa msikitini tukiwa mia tatu, tupo watatu hivi. Wawili wengine wako wapi? Bila shaka wamenyamaza, kama mimi.

Kisha akafungua ukurasa wa gazeti, akasema tusome pamoja kwa sauti. Tukasoma. Maneno yakatiririka, yangu na yake. Katikati ya sentensi akanyamaza ghafla bila kuniambia, nami nikaendelea maneno mawili, matatu, halafu "k" ikanikaba. "Umeona?" akasema. "Kusoma kwa pamoja hulegeza kigugumizi karibu kwa kila mwenye nacho. Kuimba pia, na kusoma kwa mahadhi." Inajulikana dunia nzima, wala si siri. Nikamfikiria maalim na fimbo yake. Sikumchukia, nilitamani tu angekuwapo pale mlangoni asikie.

Akauliza kama kuna mwingine ukoo wetu. Nikasema hakuna. Mama akakohoa. "Mjomba wako wa Pangani," akasema. Mjomba! Mjomba tunamjua kama mtu wa heshima, mtu asiyesema ovyo, anayejibu kwa kichwa. Nilimpigia usiku ule. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, nikadhani mtandao umekatika, kumbe alikuwa amekwama. Kisha akanisimulia nikaha yake. Shekhe amemshika mkono, ndoa inafungwa, wamefika pale pa bwana harusi kusema "nimekubali", na neno hilo likagoma. Watu wakaanza kutazamana. Baba mkwe akavua kofia. "Wakadhani nimeghairi," mjomba akasema, akacheka mpaka akapaliwa. Ameishi na neno lile miaka thelathini bila kumwambia mtu wa damu yake. Siku ile tuliongea saa nzima, watu wawili wabovu wa simu, na vocha ikaisha tukiwa bado.

Tiba yenyewe haikuwa ya dawa. Ilikuwa ya kioo. Alinikalisha mbele ya kioo, akaniambia nikwame makusudi kwenye jina langu, nisitoke haraka, nitazame. Sikuwa nimewahi kujiona nikikwama. Siku zote nilikuwa nikifumba macho. Nikaona midomo imebanwa kuliko inavyohitajika kutamka B kwa nguvu zozote zile. Nikaona jicho la kushoto linajifinya. Nikaona mkono wangu unapiga paja, pu, pu, na sikujua kama unapiga. Zamani, nilikumbuka, kupiga paja kuliwahi kunitoa kwenye neno mara moja au mbili. Basi mwili ukaweka akiba. Ile njia ya kutokea ikageuka sehemu ya ugonjwa.

Akanichorea mfano wa mlima wa barafu baharini, ule ambao sehemu ndogo tu huonekana juu. Alisema ni mfano wa Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na kigugumizi yeye mwenyewe. Mimi barafu ninayoijua ni ile ya ukwaju kwenye kimfuko. Akanitazama, akaufuta mchoro. "Haya, mwamba," akasema. "Maji yakijaa unaona ncha. Ncha ndiyo kukwama. Sasa niambie, maji yakipwa utaona nini?" Nikaanza kutaja: aibu, kubadilisha maneno, kumtuma mdogo wangu dukani, kutopiga simu, kutonyoosha mkono darasani hata jibu ninalo. Nikafika kwenye pweza. Mama alikuwa amekaa pembeni na mkoba wake mapajani. "Pweza gani?" akauliza.

Nikamwambia. Alicheka kwanza, mama yangu hucheka haraka, kisha akaacha kucheka. Hatukuzungumza mengi kwenye basi la kurudi.

Nilikwenda Dar mara nne. Vikao vingine vyote tulifanya kwa simu ya video, kwa bando la kuungaunga. Ilikuwa vichekesho: yeye anaganda kwa mtandao, mimi naganda kwa ulimi, na kila mmoja anamsubiri mwenziwe akidhani zamu ni ya mwingine.

Mbinu alizonifundisha nyingi zinatoka kwa Charles Van Riper, Mmarekani mwingine aliyekuwa na kigugumizi kikali na aliyetumia maisha yake kukitafiti. Ya kwanza ilikuwa kurudi: neno likishakwama na kutoka kwa vurugu, usikimbie mbele kama mtu aliyevunja yai dukani. Simama. Tulia. Lirudie lile lile, safari hii kwa kulegeza midomo. Ya pili, kujitoa ukiwa ndani: unahisi umebana, usisukume, punguza nguvu polepole mpaka sauti ipenye. Ya tatu, kuliona neno linakuja na kuligusa kwa wepesi, B iguswe kama unavyogusa sufuria kujua imepoa. Nimeziandika kwa mistari michache hapa. Kuzijua kwa midomo kulinichukua karibu mwaka.

Kulikuwa na nyingine, ya kuvuta maneno kwa urefu yasikatike. Ilinifanya nizungumze bila kukwama hata kidogo kwa wiki mbili. Nilisikika kama mwimbaji wa taarabu aliyeachwa na kundi lake. Marafiki walinicheka kuliko walivyowahi kukicheka kigugumizi, na nilipochoka kuvuta, kukwama kote kukarudi kwa mkupuo. Nilizima simu siku tano. Dada yule hakunikaripia. Aliniuliza: "Ulikuwa unataka kuongea, au ulikuwa unataka wasijue?" Swali hilo silipendi mpaka leo.

Iliyobaki ndiyo niliyoigomea kabisa: kigugumizi cha makusudi. Kila siku niende kwa watu nisiowajua, nikwame kwa kutaka, kwenye neno ambalo ningeweza kulisema. "Nimekuja kuacha, we-wewe unaniongezea?" Akasema woga wa kukwama ndio unaobana midomo, na woga hauwezi kupungua kwa kitu unachokikimbia kila siku.

Nilianzia barazani kwa muuza kahawa, jioni, wazee wamekaa na bao. Nilisema shikamoo zangu, nikaomba "k-k-kahawa", zile mbili za mwanzo za kuigiza na ya tatu ya kweli, maana ilinikamata palepale. Mzee mmoja akainua macho kutoka kwenye kete. "Taratibu, mwanangu. Vuta pumzi." Nikapewa kikombe na kashata, mchezo ukaendelea. Hakuna aliyekufa.

Lakini hiyo "vuta pumzi", ngoja niiseme, kwa sababu nimeambiwa na kila mtu kuanzia mwalimu hadi konda. Inasemwa kwa huruma, najua. Pumzi ninayo. Kinachofika kwangu ni kwamba umeacha kusikiliza ninachosema, sasa unatazama mdomo. Kunimalizia neno ni vivyo hivyo, na mara nyingi unamalizia neno silo, nami kwa uchovu nakubali. Nimewahi kuletewa chai ya maziwa nisiyoitaka kwa namna hiyo. Kaa tu. Niangalie usoni kama unavyomwangalia mtu mwingine. Nitafika.

Mdogo wangu ndiye aliyepata taabu kuliko sote. Alipoambiwa asinimalizie, alinuna. "Nilidhani nasaidia." Na alikuwa anasaidia, miaka kumi na zaidi, hata mimi sikujua nimwambie nini. Mara ya kwanza tulipokwenda dukani pamoja baada ya hapo, alisimama nyuma yangu ameziba mdomo kwa kiganja, kabisa, kama aliyeona ajali. Mimi nahangaika na K ya kiberiti, muuza duka ananitazama mimi, kisha anamtazama yeye, hajui mgonjwa ni nani. Kiberiti kikatoka. Tulicheka njia nzima.

Ni miaka minne sasa. Bado nakwama. Simu zisizo na jina bado zinanichemsha tumbo, na siku nikiwa nimelala vibaya B inarudi kama deni. Ila neno nimeacha kulibadilisha. Baiskeli naiita baiskeli, japo wale vijana wa mtaani wamebaki na chuma chao.

Mwezi uliopita mama aliamka na hamu. Akanipa hela, akanitazama kidogo, akasema: "Leo pweza. Na usiniletee changu." Nikapanda baiskeli mpaka Deep Sea. Mzee aliyekuwa mezani sikumjua. Nikamwamkia, akaitikia, akaupumzisha mkono wenye kisu. Nikafungua mdomo, P ikabana. Nikaisikia inabana, nikaacha kusukuma, nikamwangalia usoni. Nyuma yangu mtu alikuwa anapumua. "P... pweza," nikasema. "K-k-kilo mbili."

Mzee alinisubiri mpaka nikafika mwisho wote, hadi kwenye mbili.

"Maji mafu haya, mwanangu, hayapwi vya kutosha," akasema. "Pweza wa wapi? Njoo bamvua, maji yakipwa sana."

Nilirudi nyumbani na changu watatu kwenye mfuko. Mama alikuwa ameshakuna nazi. Akaufungua mfuko, akachungulia, akanyanyua uso.

"Pweza wamekwisha," nikamwambia.

Hakuniamini. Aliniapisha.